Kwa nini kampuni kubwa huenda polepole na akili mnemba?

Somo la darasa la juu, na la wazazi wanaosoma pamoja na watoto

Swali la wiki hii limetoka kwa wanafunzi wenyewe. Wanashangaa: ikiwa Google ina fedha, ina wataalamu na ina mashine za kila aina, ilikuwaje mwaka 2022 ikapitwa na kampuni ndogo ambayo wazazi wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake? Ni swali zuri, na jibu lake si fupi. Tutalifuata kupitia kisa hicho hicho, tutazame sababu zake, halafu tujiulize sisi wasemaji wa Kiswahili tunaingia wapi.

Kwanza tukubaliane juu ya maneno. Hapa tunatumia *akili mnemba*. Wengine husema akili bandia, wengine akili unde; bibi zenu wataelewa yoyote mkiwaeleza vizuri. *Modeli ya lugha* ni programu iliyosomeshwa maandishi mengi mno mpaka ikajifunza kukisia neno gani lifuate neno gani. *Kuzindua* mnalijua kwa maana ya kumwamsha mtu aliyezama usingizini au mawazoni. Katika biashara ni kuitoa bidhaa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Na *kuzua* ni kusema jambo lisilokuwepo kana kwamba lipo. Ndugu yake ni *uzushi*. Mshike sana neno hili, kwa sababu ndiyo kasoro kubwa ya modeli za lugha: zinazua, tena kwa ufasaha, bila haya na bila kigugumizi.

Kisa chenyewe

Mwaka 2017 watafiti 8 wa Google walichapisha makala ya kitaalamu iliyoeleza muundo mpya wa modeli, wakauita Transformer. Herufi T iliyo mwisho wa jina ChatGPT ni Transformer hiyo hiyo. Kwa hiyo mbegu ilitoka shamba la Google.

Januari 2020 Google ikatangaza kwamba imetengeneza roboti ya mazungumzo iitwayo Meena. Ilitangaza tu, watu wa nje hawakupewa waitumie. Wawili kati ya waliohusika, Daniel De Freitas na Noam Shazeer, walitaka kazi yao iwafikie watu. Kampuni haikukubali. Mwaka 2021 waliondoka wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Character.AI. Mei mwaka huo huo Google ilionyesha modeli nyingine ya mazungumzo, LaMDA, na hiyo nayo ikabaki ndani.

Mwaka uliofuata mhandisi mmoja wa kampuni hiyo, Blake Lemoine, alijitokeza hadharani akidai kwamba LaMDA ina hisia kama mtu. Google ilikanusha, na baadaye ikamfukuza kazi. Fikirini: ikiwa mtu aliyeajiriwa kuipima mashine anaweza kushawishika kiasi hicho, itakuwaje kwa mtu wa kawaida aliyekaa peke yake usiku na simu yake? Agosti 2022 Google ikafungua mlango kidogo. Watu wachache waliojiandikisha waliruhusiwa kuijaribu LaMDA, lakini kwa mipaka. Katika sehemu moja ya majaribio hayo mashine ilitakiwa izungumze habari za mbwa tu. Ukichepuka kwenda kwingine, inajaribu kukurudisha kwa mbwa.

Tarehe 30 Novemba 2022 OpenAI ikaiweka ChatGPT mtandaoni, bure, kwa yeyote mwenye akaunti. Hakuna habari za mbwa. Uliza utakacho. Baada ya miezi miwili wachambuzi wa benki ya UBS walikadiria kwamba watumiaji wake wa mwezi wamefika milioni 100.

Sasa Google ikalazimika kukimbia. Tarehe 6 Februari 2023 ilitangaza Bard. Katika tangazo lenyewe Bard iliulizwa habari za darubini ya anga ya James Webb, ikajibu kwamba darubini hiyo ndiyo iliyopiga picha za kwanza kabisa za sayari iliyo nje ya mfumo wa jua letu. Si kweli. Picha ya namna hiyo ilipigwa mwaka 2004 kwa darubini kubwa ya Ulaya iliyoko Chile. Kosa lilionwa haraka, na tarehe 8 Februari thamani ya hisa za Alphabet, kampuni mama ya Google, ikashuka kwa takriban dola bilioni 100 kwa siku moja.

Sentensi moja ya kuzua, dola bilioni 100. Ukiifahamu siku ile umeshafahamu nusu ya somo hili.

Pilau ya nyumbani na pilau ya harusi

Mama akipika pilau ya nyumbani, chumvi ikizidi, watu watano watacheka na kuongeza maji ya kunywa. Mpishi wa harusi akizidisha chumvi, jambo hilo litasimuliwa mpaka watoto wa bi harusi waoe. Kupika ni kule kule; kilichobadilika ni idadi ya wanaokula na jina la anayepika.

Desemba 2022 wafanyakazi wa Google waliwauliza wakubwa wao swali hilo hilo mlilouliza ninyi. Jeff Dean, kiongozi wa utafiti wa akili mnemba pale, aliwaeleza kwamba kampuni yao ina mengi zaidi ya kupoteza kwa upande wa jina kuliko kampuni changa, na kwa hiyo inakwenda kwa hadhari zaidi. Watu humfungulia Google wakitarajia ukweli: dawa hii inafaa kwa ugonjwa gani, treni ya mwisho inaondoka saa ngapi. Kampuni changa ikikosea, watu husema "ndiyo kwanza wanaanza." Google ikikosea, watu huuliza kama bado ni ya kuaminiwa.

Kuna pia makovu ya zamani. Machi 2016 Microsoft iliweka kwenye Twitter roboti iitwayo Tay, iliyokuwa ikijifunza kutokana na maneno ya watu wanaoongea nayo. Wahuni wa mtandaoni wakaifundisha matusi na ubaguzi, nayo ikayarudia kwa bidii. Haikumaliza saa 24. Ikaondolewa, Microsoft ikaomba radhi. Wazee walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. (Ung'ongo ni ule ukuti wa kufumia mikeka na vikapu, ukiwa chini gizani unafanana na nyoka.)

Kovu la Google ni zito zaidi, na sisi linatugusa. Mwaka 2015 programu yake ya kupanga picha iliwapachika Wamarekani Weusi wawili, mwanamume na rafiki yake, jina la sokwe. Google iliomba radhi. Miaka kadhaa baadaye waandishi wa habari waliokwenda kupima waligundua kwamba njia iliyotumika kulimaliza tatizo ilikuwa kuizuia programu isimtaje sokwe kabisa, hata kwenye picha ya sokwe halisi. Mimi naona kisa hiki kinafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja. Kampuni iliogopa kurudia aibu, na hilo lilikuwa jema. Lakini kuogopa si sawa na kutengeneza. Waliziba tundu kwa kitambaa wakaendelea na safari.

Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni kubwa zilizokuwa zikitambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso wake. Kwa wanaume weupe makosa hayakufika hata asilimia 1. Kwa wanawake weusi, programu iliyofanya vibaya kuliko zote ilikosea karibu asilimia 35. Yaani bidhaa ile ile, iliyouzwa kwa bei ile ile, ilimfaa mmoja na kumkosea mwingine. Mtu anayepima bidhaa kwa uso wake mwenyewe ataona haina tatizo.

Fedha na sheria

Wanafunzi wengine walidhani hadhari hii ni wema mtupu. Tusidanganyane. Mwaka 2022 mapato ya Alphabet yalizidi dola bilioni 280, na karibu asilimia 80 yalitokana na matangazo ya biashara, mengi yakiwa yale yanayokaa kando ya majibu ya Google. Sasa fikiria mashine inayokupa jibu moja lililokamilika. Utabofya tangazo la nani? Isitoshe, mwenyekiti wa Alphabet, John Hennessy, alilieleza shirika la Reuters mwanzoni mwa 2023 kwamba swali moja linalojibiwa na modeli kubwa ya lugha huenda likagharimu mara 10 ya utafutaji wa kawaida. Zidisha hiyo kwa mabilioni ya maswali kwa siku. Mwenye duka linalouza vizuri hana haraka ya kuvunja ukuta ili ajenge jipya, hasa asipojua kama hilo jipya litamlipa.

Upande wa sheria, hapa Ulaya mambo yamekaza zaidi kuliko Marekani. Mwishoni mwa Machi 2023 mamlaka ya Italia inayolinda taarifa binafsi za watu iliisimamisha ChatGPT nchini humo, na huduma haikurudi mpaka karibu mwisho wa Aprili. Bard yenyewe ilifunguliwa kwanza Marekani na hapa Uingereza tarehe 21 Machi 2023, kwa foleni, huku ikiitwa jaribio. Nchi za Umoja wa Ulaya zilisubiri hadi Julai, kwa sababu wasimamizi wa Ireland walitaka kwanza maelezo kuhusu faragha ya watu. Kwa hiyo binamu yenu aliyeko Ujerumani aliyelalamika kwamba kwake haifunguki, simu yake haikuwa na ubaya wowote.

Lakini kesi ninayotaka muikumbuke ni ndogo na imetoka Kanada. Mtu mmoja alifiwa na bibi yake mwishoni mwa 2022. Akaenda kwenye tovuti ya shirika la ndege la Air Canada, akaiuliza roboti ya mazungumzo kuhusu nauli nafuu kwa wanaosafiri kwenye msiba. Roboti ikamjibu kwamba anaweza kukata tiketi sasa kwa bei ya kawaida, kisha aombe kurudishiwa tofauti baadaye. Alipoomba, shirika likakataa: utaratibu wetu hausemi hivyo. Shauri likafika kwenye baraza la usuluhishi la jimbo la British Columbia. Utetezi wa shirika ulikuwa wa ajabu. Lilidai kwamba roboti ile inawajibika kwa maneno yake yenyewe, kana kwamba ni mtu mwingine aliyesimama kaunta. Februari 2024 baraza lililikatalia na kuliamuru limlipe abiria jumla ya takriban dola 812 za Kanada.

Hakuna familia kati yetu ambayo haijapokea ile simu ya usiku kutoka nyumbani, na asubuhi yake ikaanza kutafuta tiketi ya Dar, Mombasa au Bujumbura. Saa ile hakuna anayekaa kulinganisha jibu la mashine na masharti yaliyoandikwa chini kwa herufi ndogo. Dola 812 ni fedha ndogo kwa shirika la ndege. Kilicho kikubwa ni uamuzi: mashine yako ikizua, aliyezua ni wewe. Wanasheria wa kila kampuni kubwa waliusoma.

Polepole yenyewe inafanywaje?

Kwa kawaida bidhaa huanza kwa wafanyakazi wenyewe. Halafu huletwa watu ambao kazi yao ni kuichokoza: wanaitukana, wanaibembeleza, wanaitega kwa maswali ya hila ili waone itasema nini. Baada ya hapo wachache wa nje, kisha nchi moja au mbili, kisha lugha moja baada ya nyingine, na kila hatua wanaacha mlango wa kurudi nyuma. Hata OpenAI iliwahi kufanya hivyo: mwaka 2019 iliitoa modeli yake ya GPT-2 kwa vipande, ndogo mwezi Februari, kubwa kabisa mwezi Novemba, ikihofia kwamba watu wangeitumia kutengeneza habari za uongo.

Hadhari hiyo haizuii kila kosa. Novemba 2022, wiki mbili kabla ya ChatGPT, Meta ilitoa modeli iitwayo Galactica ya kuwasaidia wanasayansi. Wanasayansi walipoona inazua makala na marejeo yasiyokuwepo walipiga kelele, na baada ya siku tatu ikaondolewa. Februari 2024 Google ilisimamisha kwa muda uchoraji wa picha za watu katika Gemini, baada ya mashine hiyo, kwa kujaribu kuonyesha watu wa rangi mbalimbali, kuchora askari wa Ujerumani wa enzi ya Hitler wakiwa Weusi na Waasia. Mei mwaka huo huo majibu ya akili mnemba juu ya ukurasa wa Google yalimshauri mtu atie gundi kwenye pitsa ili jibini isiteleze. Inasemekana ushauri huo ulitokana na mzaha wa zamani wa mtu mmoja mtandaoni. Mashine haijui mzaha. Nayo ni kama mgeni anayekaa barazani akachukua kila utani kuwa habari.

Kwenye darasa nimesikia methali mbili zikigombana juu ya jambo hili. *Haraka haraka haina baraka,* akasema mmoja. *Ngoja ngoja huumiza matumbo,* akajibu mwenzake. Kisa cha Google kinazipa zote mbili haki yake: miaka mitano ya kungoja iliwapoteza watu wao na nafasi yao, na wiki chache za kukimbia zikawatia aibu mbele ya dunia. Mwaka 2024 Google ilifunga mkataba na Character.AI, na Shazeer na De Freitas wakarudi. Waliporudishwa hawakurudi kwa bei ile waliyoondokea.

Na Kiswahili?

Julai 2023 Bard iliongezewa lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwemo. Wengi tulifurahi, na tulikuwa na haki. Lakini kuongezewa lugha si sawa na kupimwa katika lugha hiyo. Oktoba mwaka huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walionyesha jambo la kutisha kidogo: walichukua maombi ya hatari ambayo GPT-4 ilikuwa ikiyakataa kwa Kiingereza, wakayatafsiri kwa lugha zenye maandishi machache mtandaoni, Kizulu ikiwa mojawapo, na mara nyingi mashine ikajibu bila kusita. Kizulu ni jamaa wa Kiswahili katika ukoo wa lugha za Kibantu. Bawabu aliyewekwa mlangoni alikuwa anajua Kiingereza tu.

Kwa hiyo polepole tunayoisoma hapa kwa sehemu kubwa ni polepole ya Kiingereza. Wale wa kuichokoza mashine kabla haijatoka huichokoza zaidi kwa Kiingereza. Mwanamke wa Kigoma anayeuliza kwa Kiswahili kuhusu homa ya mtoto wake anapewa bidhaa ambayo kwa hakika bado iko kwenye majaribio, na hakuna aliyemwambia kwamba yeye ndiye mjaribu.

Wasemaji wa Kiswahili wamo ndani ya kazi hii kwa njia nyingine pia. Januari 2023 jarida la Time liliandika kwamba vijana wa Nairobi, kupitia kampuni iliyopewa kandarasi, walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kupanga maandishi ya ukatili na unyanyasaji, ili modeli za OpenAI zijifunze kuyatambua na kuyaepuka. Baadhi yao walisema yale waliyoyasoma yaliwaumiza akili. Ule upole mnaouona ChatGPT inapokataa kusema maneno machafu, kuna Mkenya aliyeyasoma kwanza kwa niaba yenu. Sijaona kampuni ikilitaja hilo kwenye sherehe za uzinduzi.

Kazi ya wiki

Fungueni programu yoyote ya kutafsiri, muandike *Yeye ni daktari. Yeye ni muuguzi. Yeye ni rubani. Yeye anapika.* Kiswahili hakisemi kama yeye ni mwanamume au mwanamke. Angalieni tafsiri ya Kiingereza imechagua nini kwa kila sentensi, muandike, na mtueleze Jumamosi mnadhani mashine ililitoa wapi jibu hilo.

Kisha mchague moja ya maswali haya, mjibu kwa ukurasa mmoja wa Kiswahili. Mzazi asaidie kwa mdomo, asishike kalamu.

Ungekuwa mkubwa wa Google Desemba 2022, ungeitoa LaMDA siku hiyo, ungengoja, au ungefanya jambo la tatu?

Air Canada ilisema roboti inawajibika kwa maneno yake. Mtetee abiria mbele ya baraza, kwa hoja zako.

Kampuni imekuomba uichokoze mashine yake kwa Kiswahili kabla haijazinduliwa Afrika Mashariki. Andika maswali 5 utakayoiuliza, na kwa kila moja ueleze unaogopa ijibu nini. Waulizeni babu na bibi kwa simu pia. Wao wanajua maswali ambayo wahandisi wa California hawatayafikiria kamwe.